Mkufunzi wa Kufunga

Kaeni msikilize, ila mlango uacheni wazi. Sababu yake mtaiona wenyewe.

Kulikuwa na nchi iitwayo Mbioni. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, haipo, na mtu akiwaambia anaifahamu, basi huyo ana mambo yake na serikali yake, hadithi hii haimhusu. Iliitwa Mbioni kwa sababu kila kitu huko kilikuwa mbioni. Maji yalikuwa mbioni kufika. Barabara ilikuwa mbioni kujengwa. Dawa zilikuwa mbioni kuja hospitali. Ukimwuliza kiongozi jambo lolote alikujibu kwamba liko mbioni, kisha yeye mwenyewe akaondoka polepole.

Katika nchi hiyo aliishi mama mmoja jina lake Mwajabu, muuza mboga wa soko la Kivulini, aliyeishia darasa la saba. Alichukua mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, akaukata nyuzi nyembamba, kisha akashika matembele kiganjani, akazungusha uzi mara mbili, akavuta, na fungu likawa tayari. Fungu la Mwajabu halikuwahi kumfungukia mteja njiani. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyoijua kuwa ni yake, na hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Mwajabu alikuwa na mtoto mmoja, Sikitu. Msichana huyo tangu mdogo alikuwa mtu wa vyuma. Mashine ya kusaga ya jirani ikianza kukohoa, aliitwa Sikitu. Baiskeli ya mjomba wake ilikuwa na breki kwa sababu ya Sikitu. Alipomaliza kidato cha nne akakaa nyumbani akimenya mihogo, na mama yake akimtazama alivyokuwa anaishika kwa uangalifu, kama anatafuta pale inapofunguka, roho ilimuuma.

Ndipo redio ikatangaza kwamba serikali sikivu imeanzisha Chuo cha Taifa cha Ufundi wa Magari, Ndege na Uchukuzi, kozi ya miaka miwili, malazi na chakula bure, na ajira iko mbioni. Mwaka wa kwanza mwanafunzi atasomea kufungua. Mwaka wa pili atasomea kufunga. Mwajabu alilisikia tangazo hilo huku mkono wake uko kwenye matembele, akaona jambo zuri kabisa. Fundi ni nani kama siyo mtu wa kufungua kitu kilichoharibika, akakifunga kikiwa kizima? Akampeleka mtoto mwenyewe mpaka langoni. Lilikuwa lango kubwa la mabati na nondo, limepakwa rangi ya bendera, na lilipofunguka lililia kama ng'ombe. Hakuuliza swali hata moja. Wenzake sokoni walimwambia ana bahati, naye akakubali.

*

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri kupita kiasi.

Wanafunzi mia mbili walifungua kila kilicholetwa. Walianza na pikipiki za mabwana shamba. Wakafungua gari la wagonjwa la wilaya, wakafungua mabasi yote matatu ya serikali na gari la zimamoto pamoja na kengele yake. Mkuu wa Chuo, Bwana Lumuliko, alileta gari lake mwenyewe kwa uzalendo, akarudi nyumbani kwa miguu akipungia watu. Mwisho wakafungua Ndege ya Taifa. Ilikuwa moja, na ilikuwa nzima. Ilitua jirani na chuo kujaza mafuta, rubani akaingia chooni, na alipotoka alikuta bawa moja limeshalazwa kwenye majani na wasichana wawili wanaandika namba zake kwa chaki.

Siku kumi na sita bendi ya polisi ilipiga muziki huku ndege ikifunguliwa. Nati peke yake zilijaza magunia manne. Sikitu akampigia mama yake simu, sauti imejaa furaha, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyeishusha injini ya upande wa kushoto, kwa spana namba kumi na saba, bila kukwaruza chochote. Mwajabu akaitangaza habari hiyo soko zima. Aliongeza na ya upande wa kulia.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa inatembea kwa miguu. Waziri wa Uchukuzi na Matarajio alikwenda redioni kueleza mafanikio. Alisema ajali za barabarani zimeisha kabisa, jambo ambalo nchi zilizoendelea zimeshindwa, na ajali za ndege ndiyo usiseme. Alisema wataalamu kutoka nje wako mbioni kuja kujifunza. Kisha akaaga, akatoka studio, akatembea maili nne mpaka kwake.

*

Shida ilianza mwaka wa pili, na ilianza na neno.

Wizara iliomba nafasi ya mkufunzi mmoja wa kufunga. Barua ikapita ofisi kumi na moja. Katika ofisi ya kumi na mbili alikaa bwana mmoja mwenye bidii, akasoma kwamba serikali inahitaji mtu wa kufunga, akaona barua imepotea njia, akaipeleka Idara ya Magereza. Magereza wakafurahi, wakaajiri. Mkufunzi aliyesomea injini za ndege miaka mitano sasa anawafundisha askari jinsi ya kubana milango, na inasemekana anafanya vizuri.

Chuoni hakufika mtu, ila waraka ulifika. Ulikuwa na mstari mmoja: Kuanzia muhula huu wanafunzi wote wa mwaka wa pili wafunge.

Bwana Lumuliko alikuwa mtu mwangalifu. Alipata ukuu kwa kutowahi kuelewa jambo lolote kabla ya wakubwa wake. Akaandika wizarani kuuliza kwa heshima, kufunga kupi? Miezi minne baadaye jibu likaja, lina mihuri mitatu: Tekelezeni kufunga kote.

Basi wakatekeleza kote. Jumatatu na Alhamisi wanafunzi wote walifunga, hakuna kula wala kunywa mpaka jua lizame, uwe wa dini yoyote. Timu ya chuo iliamriwa kufunga magoli, na ikitoka sare wachezaji walifunga na Jumanne. Wasichana walifunga vilemba, wavulana walifunga vifungo mpaka cha shingoni, na darasani kila mtu alifunga mdomo. Kufunga ndoa kuliahirishwa kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa vipuri.

Na lango likafungwa. Kufuli lake liliwekwa chini ya Idara ya Kufunga, lakini ufunguo, kwa jinsi jina lake lilivyo, ulikuwa mali ya Idara ya Kufungua, na idara hizo mbili zilikuwa hazisalimiani tangu zilipogombea kabati. Juu ya lango Mkuu akabandika kanuni mpya ya kutoka: ALIYEFUNGUA NDIYE AFUNGE. Maana yake mwanafunzi yeyote hatapata cheti, wala likizo, wala ruhusa ya msiba, mpaka kile alichokifungua kirudi kuwa kimoja.

Kukifunga hakuruhusiwi bila mkufunzi. Mkufunzi yuko Magereza. Na mia mbili wako ndani.

*

Mwajabu alianza kuingiwa na wasiwasi pale simu zilipokoma. Akangoja mwezi, akangoja wa pili. Akawauliza wazazi wenzake, wakamwambia kuwa watoto wako masomoni, atulie. Mwezi wa tatu akabeba kapu lake la mboga kichwani na kwenda.

Mlinzi wa lango aliitwa Mtutuma, jitu kubwa lenye sauti ndogo, na alikuwa amekaa kwa ndani, nyuma ya nondo, ana daftari magotini.

"Nimekuja kumwona mwanangu, afande."

"Wa mwaka gani, mama?"

"Wa pili."

"Wa pili wanafunga."

"Wanafunga nini?"

Mtutuma akalifungua daftari, akasoma, akalifunga. "Kwa ujumla," akasema.

"Kwani hapa ni jela?"

"Jela haiko hivi. Jela mtu anaijua siku yake ya kutoka." Hakulisema kwa ubaya. Yeye mwenyewe hakuwa ameonana na mkewe tangu kufuli lilipowekwa, maana zamu yake ilipoisha alikuta yuko upande wa ndani, na wa kumpokea yuko upande wa nje, na mpaka leo wanapungiana tu.

Alimwita Sikitu, angalau wasalimiane katikati ya nondo. Mwajabu alipomwona alisogeza uso kwenye nondo. Mashavu yalikuwa yamekwisha. Kilemba kikubwa kichwani, shingo kama mpini wa jembe. Mikono tu ndiyo ilikuwa ile ile, na weusi wa oili kwenye kucha.

"Umekula, mwanangu?"

"Leo Alhamisi, mama."

Mwajabu akamwuliza, kwa nini usiifunge hiyo injini yako utoke? Si unajua? Mashine ya kusaga uliifunga una miaka kumi na miwili. Sikitu akatazama nyuma kwanza. Akasema kwa kunong'ona kwamba alijaribu. Alifunga giaboksi ya basi, aliyokuwa ameifungua yeye, peke yake, wiki nzima, ikakubali kuingia gia zote. Akakamatwa. Kosa liliandikwa kufunga bila kufundishwa, na adhabu yake ilikuwa kuifungua tena mbele ya wenzake huku Mkuu akisoma kwa sauti jina la kila kipande.

"Wakati naifungua niliona aibu," akasema Sikitu. "Halafu nikaona labda kweli sijui. Si ningekuwa nimefundishwa?"

Neno hilo ndilo lililomtia Mwajabu hofu kuliko yale mashavu. Mashavu yangerudi kwa uji. Akarudi kwa mlinzi, akamwambia haondoki hapo bila mtoto wake. Mtutuma akasema hiyo sawa, ila kila anayesimama hapa zaidi ya saa moja lazima aandikwe. Jina? Mwajabu. Umri? Akakisia. Kazi?

"Nafunga mboga."

Kalamu ya Mtutuma ikasimama. "Unafanya nini?"

"Nafunga matembele. Na mchicha. Miaka ishirini nafunga."

Mtutuma akainuka polepole, akavuta shati lake likanyooka, akapiga saluti.

*

Bwana Lumuliko alikuja mbio, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kiongozi wa nchi ile kuonekana mbioni kweli. Nyuma yake walikuja wakuu wa idara zote mbili, kila mmoja na upande wake wa njia. Mkuu akapitisha mkono kwenye nondo, akatoa fungu la matembele kwenye kapu, akaligeuza, akavuta uzi wa mpira ukarudi pah, akamtazama Mwajabu kama mtu aliyeona mwezi.

"Miaka ishirini," akasema. "Na wizara inatuambia nchi haina wataalamu."

Mwajabu akaeleza kwamba yeye darasa la saba tu, na gari hajui hata mlango wake unavutwaje. Mkuu akacheka kwa heshima. Alisema wataalamu wa kweli ndivyo walivyo, wanyenyekevu, tofauti na wale wa kufungua, na hapo mkuu wa Idara ya Kufungua akatazama pembeni. Barua ya uteuzi ikaandikwa hapo hapo juu ya mgongo wa Mtutuma.

Hapa Mwajabu angeweza kukataa, na wapo wanaosema alipaswa kukataa. Lakini yeye aliona jambo moja tu: lango litafunguliwa aingie, na mwanawe yuko huko ndani. Akijua jinsi kanuni ilivyo, mkufunzi akiwepo watoto watafunga, na wakifunga watatoka. Akasaini. Idara ya Kufungua ikatoa ufunguo kwa maandishi, lango likalia kama ng'ombe, Mwajabu akapita na kapu lake, Idara ya Kufunga ikabana kufuli nyuma yake. Ufunguo ukarudishwa kwa maandishi.

Walimpa koti jeupe linaloburuza, filimbi, na chumba chenye bango la MKUFUNZI WA KUFUNGA. Hapo ndipo alipoisoma barua vizuri, kwa kidole, neno kwa neno. Mkufunzi naye hatatoka mpaka mafunzo yafungwe.

*

Siku ya kwanza ya somo waliingia karakanani mia mbili, midomo imefungwa. Vipande vya mabasi vilikuwa sakafuni, na ndege kwenye magunia ukutani. Mwajabu akapuliza filimbi, kwa sababu hakujua aanze na nini. Kisha akasimama mbele ya Sikitu, akaongea kwa sauti ya kumfikia Mkuu aliyekuwa anachungulia dirishani.

"Mwanafunzi, mimi ni mkufunzi wako. Sasa nakufundisha hivi: fanya unavyojua, na mimi nikiwa nakutazama."

Sikitu akamtazama mama yake. Midomo ilikuwa imefungwa, lakini macho yalicheka.

Wiki nane walifanya kazi. Mwajabu alitembea katikati yao na koti lake akisema vema, vema, kaza hapo, na alipoona mtu anasita alimwambia hilo nimeshakufundisha, umesahau tu. Ilikuwa inatosha. Vijana walioambiwa hawajui walikuwa wanajua kila kitu, walihitaji tu mtu mwenye bango la ukufunzi asimame karibu. Pistoni ziliingia. Giaboksi ya Sikitu ikarudi mahali pake. Jumanne moja, saa nne asubuhi, Sikitu akakaa kwenye usukani wa basi la kwanza, akawasha, na basi likanguruma. Mpishi alitoka jikoni na mwiko. Mtutuma, huko langoni, alivua kofia.

Mwajabu akaenda moja kwa moja kwa Mkuu. Alikuwa na maneno machache. Gari liko kamili, mwanangu alilifungua na amelifunga, naomba aandikiwe cheti na mimi nimchukue twende.

Bwana Lumuliko alikuna kichwa. Alisema kwenye fomu ya ukaguzi hakuna mahali pa kuandika kuwa chombo kinanguruma. Mahali palipo panauliza kama kimefungwa, na kwa njia ya mkufunzi aliyeteuliwa. Jambo hili ni zito, lazima Waziri alione.

Waziri akaja, kwa miguu, na msafara wa watu arobaini waliochoka. Akazunguka basi mara mbili. Akainama, akachungulia chini, akagonga tairi kwa fimbo. Injini ilikuwa inanguruma, ikabidi izimwe ili asikilizane na watu.

"Sioni kilichofungwa," akasema.

Mkuu akasema kimefungwa kwa ndani, Mheshimiwa. Waziri akasema wananchi hawawezi kuambiwa kwa ndani, wananchi wanataka kuona. Akamwomba mkufunzi aonyeshe njia yake. Mwajabu akaelekeza kidole kwenye basi. Mtu mmoja wa msafara, mwenye nia njema, akaliona kapu, akaleta fungu la matembele, limekauka lakini halijafunguka, na Waziri akalishika juu watu wote waone.

"Hiki," akasema, "ndicho kitu kilichofungwa."

Siku tatu zilizofuata basi la Sikitu lilifunguliwa tena lote, kisha likafungwa upya kwa njia iliyokubalika. Mipira yote ya ndani ya baiskeli katika wilaya ile ilikusanywa, ikakatwa nyuzi. Wakaweka usukani juu ya redieta, wakazungusha mara mbili, wakavuta. Ndege ndiyo iliyopendeza zaidi. Mabawa yalilazwa pamoja kama majani, magurudumu kama nyanya chini yake, na fungu lote likasimamishwa uwanjani, limebanwa sawasawa. Halikutikisika. Mwajabu alikuwa amelivuta kwa mkono wake mwenyewe, maana aliambiwa asipovuta, mwanawe atarudia mwaka, na mkono wake ukivuta ulikuwa haujui kulegeza.

Waziri alihutubia saa tatu. "Ndugu zangu, lugha yetu ina mambo. Funza na funga. Zimepishana herufi moja tu. Mwanafunzi ni nani basi? Ni mtu aliyebakiza herufi moja." Watu wakapiga makofi, walioweza, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu.

Sikitu hakupiga. Alikuwa anatazama lile fungu lenye giaboksi yake ndani, na Mwajabu akimtazama yeye akaona ule mwanga wa Jumanne umezimika.

*

Vyeti havikutolewa. Waziri alifurahi kiasi kwamba akaongeza mwaka. Waraka ukaja na mihuri minne: Mwaka wa Tatu, Kufungua kwa Kina. Kila mwanafunzi ataje kitu kimoja ambacho hakijawahi kufunguliwa na yeyote, akifungue peke yake, apewe maksi.

Hapo palikuwa na tabu, kwa sababu hakikubaki kitu. Mmoja alifungua kabati lile la ugomvi. Mwingine akafungua saa ya Mkuu, na mwingine kitanda chake mwenyewe. Sikitu alizunguka siku mbili na spana namba kumi na saba, asubuhi ya tatu akaenda ofisini, akajaza fomu. Mahali pa kitu akaandika: Lango Kuu. Bwana Lumuliko akatazama kama limewahi kufunguliwa kwa maana ya kiufundi, akaona bado, akasaini.

Habari hizo zilimfikia Mwajabu akiwa anafua lile koti. Akakaa chini. Akasema moyoni, mtoto wangu ana akili. Kumbe miezi yote hii alikuwa kimya anapanga. Hakumwambia mtu. Alikunja kanga zake, akatia kapuni, akaenda kusimama karibu na lango kama mtu anayeota jua.

Kazi ilikuwa nzuri kuitazama. Sikitu alianza na bawaba za juu, akatia oili, akangoja, akazungusha. Akashusha mabati moja moja, akayapanga kwa namba. Akachomoa nondo. Kufuli akalitoa pamoja na pete zake, likiwa limebanwa vile vile, akaliweka juu ya gunia. Nati aliziweka kwenye kopo. Kufikia adhuhuri pale lilipokuwa lango palikuwa na upepo, na ng'ambo yake barabara, na mbuzi mmoja anakula karatasi. Chini ilibaki alama tu, mstari wa kutu.

Wanafunzi mia mbili walikuwa wamejipanga wanatazama. Hakusogea mtu.

Mwajabu akaweka kapu kichwani, akaenda. Mtutuma akasimama mbele yake na daftari, uso umejaa mashaka.

"Unakwenda wapi, mkufunzi?"

"Nyumbani."

"Kutoka ni kwa lango. Imeandikwa. Lango ni lile pale, kwenye gunia. Ngoja lifungwe kwanza, ndipo tuombe lifunguliwe."

"Mimi sipiti langoni, baba. Napita hapa."

Mtutuma akafungua daftari, akatafuta mahali palipoandikwa mtu anayepita hapa, na wakati anatafuta Mwajabu akapita. Hatua tano. Akageuka, miguu yake kwenye vumbi la barabara, akanyoosha mkono.

"Sikitu. Haya, mwanangu, njoo."

Sikitu akaja. Akaja mpaka kwenye mstari wa kutu, akasimama, vidole vya miguu vimeugusa.

"Mama, nimelisainia lango."

"Liache."

"Aliyefungua ndiye afunge. Nikitoka hivi wataandika nimetoroka. Miaka yote hii itakuwa ya bure."

"Si ndiyo ulivyopanga? Si ulilifungua ili tutoke?"

Sikitu akamshangaa mama yake. "Tutoke?" akasema. "Nilikuwa natafuta maksi."

Mwajabu alimbembeleza. Alimwambia juu ya mashine ya kusaga ya jirani, inakohoa mwaka wa pili sasa, haijapata mtu. Akataka kurudi amvute kwa nguvu, lakini Mtutuma alikuwa ameshaona kwenye daftari kwamba anayeingia lazima aingie kwa lango, akasimama kwenye mstari na mikono miwili imetanda, akiomba samahani. Sikitu akasema mama, usiwe na haraka, nalifunga mara moja, halafu nitaomba ruhusa vizuri. Mkuu hawezi kukataa, mkufunzi si yupo? Akaelekeza kidole kwa Mwajabu, huko barabarani. Mkufunzi alikuwepo. Alikuwa anatazama. Kanuni ilitimia.

Akalifunga. Kilikuwa kitu cha kwanza alichokifunga kwa ruhusa kisifunguliwe tena, na alikifunga kwa mapenzi. Alisafisha kutu kwenye bawaba. Nondo moja iliyokuwa imepinda tangu zamani aliinyoosha. Mabati yakarudi kwa namba zake, nati zikaingia zote, hazikubaki mbili wala moja. Mwisho pete, na kufuli lake. Alipomaliza alilisukuma na kulivuta, akaangua kicheko, na kilikuwa kile kicheko cha nyumbani.

"Mama, sikia. Halilii tena."

Kweli, halikulia.

Kisha akapitisha fomu katikati ya nondo, na kalamu. Mahali pa mkufunzi palikuwa patupu. Mtutuma alieleza kwa upole kwamba mkufunzi akikataa, mwanafunzi anarudia mwaka wa kwanza, na akikubali, mwanafunzi anabakiza ndege tu.

Mwajabu akalisukuma lango kwa bega. Halikusogea hata upana wa kucha. Akamtazama mwanawe, uso umeng'aa, anangoja kusifiwa. Akaweka fomu juu ya kapu, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba: Limefungwa vizuri. Akasaini.

Redio jana imetangaza kwamba chuo kinapokea wanafunzi wapya. Haya, inukeni. Mlango uko wazi, tokeni nao watoto wenu, kabla hajaja mtu kuwauliza mnapita wapi.